Haki Kazini Si Kuwasimamia Watu Wote kwa Namna Moja

Usiku wa mwezi Julai huko Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, una baridi kiasi kwamba kahawa iliyomenywa jioni na kulazwa kwenye tangi haiwi tayari kuoshwa kwa wakati uleule ambao ingekuwa tayari mwishoni mwa msimu, joto linapoanza kurudi. Utelezi unaozizunguka punje humeng'enywa na vijidudu, na vijidudu hivyo huchapa kazi kukiwa na joto na kuzubaa kukiwa na baridi, hivyo tangi moja linaweza kumaliza kwa siku moja na jingine likataka siku moja na nusu au zaidi. Anayeosha mapema huacha utelezi kwenye punje, na kahawa ya namna hiyo hukauka vibaya na kuvuta ukungu; anayechelewa huishia na kahawa yenye uchachu ambao mwonjaji huutambua kwa kijiko cha kwanza. Ndiyo maana wazoefu hawaitegemei saa peke yake. Huchota punje chache, huzisuuza, huzisugua kati ya viganja, na zikikwaruza kama changarawe hujua kwamba tangi liko tayari.

Nayaeleza haya kwa sababu katika msimu wangu wa kwanza nikiwa msimamizi wa mtambo wa kuchakata kahawa, ambao huko kila mtu huuita CPU, nilibandika ukutani karatasi yenye amri moja kwa wote: tangi lioshwe baada ya saa 24. Kijana aliyekuwa ametoka chuoni mwaka uleule aliisoma na kushukuru, kwani sasa alikuwa na kitu cha kushika. Mzee aliyekuwa ameyalinda matangi tangu kabla mimi sijamaliza sekondari aliisoma pia, akanitazama, hakusema neno. Wiki mbili baadaye baridi ilipozidi, zamu ya usiku ilikuwa yake. Asubuhi alinifuata ofisini na konzi ya punje zilizokuwa bado zinateleza, akaziweka juu ya meza, juu ya daftari langu, akasema, "Bosi, karatasi yako imetimizwa." Kabla ya siku hiyo alikuwa akiniita mwanangu.

Kosa langu halikuwa karatasi. Karatasi ileile ilikuwa msaada kwa kijana na tusi kwa mzee, na hoja yangu katika makala hii inaanzia hapo. Kazini tunapenda kusema kwamba vidole vya mkono havilingani, kisha tunaugeuza usemi huo kuwa namna ya kuwapachika watu majina: huyu mvivu, yule mkaidi, wa tatu anataka kusukumwa, wa nne ni wa kuachwa tu. Tukishampachika mtu jina, tunamsimamia kwa jina hilo mwaka mzima, katika kila kazi tunayompa. Mimi nasema kinachopaswa kupimwa si mtu, bali ni mtu huyo mbele ya kazi hiyo, leo. Tena anayebadili namna yake ya kusimamia bila kueleza kwa nini anabadili, atakuwa amejenga mashaka palepale alipodhani anajenga haki.

Wazo hili si jipya, wala si letu peke yetu. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Paul Hersey na Ken Blanchard, waliliandika katika makala ambayo hoja yake mpaka leo hufundishwa katika semina nyingi za uongozi. Kwa ufupi, walisema hakuna mtindo mmoja ulio bora siku zote. Asiyeijua kazi huelekezwa hatua kwa hatua. Anayeanza kuijua lakini bado hajaiweza huelekezwa huku akielezwa sababu na kutiwa moyo. Anayeiweza lakini anasitasita hushirikishwa katika uamuzi. Na anayeiweza na kuitaka hukabidhiwa, msimamizi akakaa pembeni. Jambo ambalo semina nyingi hulipita haraka ni kwamba ngazi hizo ni za mtu katika kazi fulani. Mtu mmoja anaweza kuwa ngazi ya nne saa mbili asubuhi na ngazi ya kwanza saa nne.

Niliwahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu, palepale CPU. Msimu uliofuata tuliletewa kipima unyevu, kifaa kidogo cha kutumia betri ambacho humwagiwa punje na kuonyesha asilimia ya maji yaliyobaki ndani yake, kwa kuwa kahawa ya maganda haitakiwi kuingia ghalani kabla ya kushuka hadi asilimia 11 au 12. Mzee wa matangi, ambaye vidole vyake vilikuwa kipimo tosha kwenye utelezi, alikuwa mgeni kabisa mbele ya kifaa hicho: alikisoma kabla namba hazijatulia, na mara mbili alikitia punje zilizokuwa bado na joto la jua. Kijana wa chuo, ambaye kwenye tangi bado alikuwa wa kushikwa mkono, alikuwa fundi wa kifaa na wa daftari la kumbukumbu. Watu wawili, kazi mbili, na nafasi zao zikapinduka. Kama ningeendelea kumhesabu mzee kuwa mzoefu na kijana kuwa mwanafunzi, ghala lingejaa kahawa mbichi.

Hapa ndipo nadharia ya akina Hersey inapokutana na nyumba zetu na kugota. Mwanzoni waliielezea kwa mfano wa mzazi na mtoto: mtoto mdogo huamriwa, akikua huelezwa, akifika utu uzima huachwa aamue. Mfano huo unaeleweka kirahisi, hata kwetu, ambako mkubwa kazini hupenda kuwaita walio chini yake wanangu. Lakini katika nyanda hizi, kuanzia mashamba ya chai ya Mufindi na viwanda vya mbao vya Mafinga hadi maghala ya parachichi ya Njombe na Rungwe, mara nyingi msimamizi ndiye mtoto. Ana miaka 27, ana stashahada, na anayepaswa kuelekezwa hatua kwa hatua ana umri wa baba yake. Nadharia inamwambia amwelekeze. Desturi inamwambia aanze na shikamoo na kungoja marahaba. Nimewaona vijana wengi wakidhani wanatakiwa kuchagua kimoja kati ya hayo mawili. Wengine huchagua cheo na kuanza kumpigia mzee kelele mbele za watu. Wengine huchagua adabu na kumwacha aharibu kazi kwa kuogopa kumkosoa.

Sidhani kama kuna ulazima wa kuchagua. Maelekezo na heshima ni vitu viwili tofauti, na mtu anaweza kupewa vyote viwili kwa ukamilifu, ila mahali na mpangilio wa maneno vitabadilika. Mzee wetu hakufundishwa kipima unyevu vichanjani, mbele ya akina mama waliokuwa wakichambua kahawa na kusikiliza kila neno. Alifundishwa ghalani, baada ya chai, mlango ukiwa umerudishwa, na kijana alianza kwa kumwuliza, "Baba, wewe ukiing'ata punje unajuaje kwamba imekauka?" Mzee akaeleza kwa dakika kumi. Kisha kijana akasema, "Sasa tuone mashine hii itasema nini juu ya punje hizohizo." Wakapima. Mara ya kwanza mashine na meno vilipishana, wakarudia, na kosa la kupima punje zenye joto likajitokeza lenyewe bila mtu kumwambia mzee kwamba amekosea. Yalikuwa maelekezo ya hatua kwa hatua, kamili kabisa, ya ngazi ya kwanza. Ni kwamba tu hayakuvaa sare ya amri.

Nimesema wazo hili linafundishwa sana, lakini kufundishwa sana si sawa na kuthibitishwa. Mwaka 1987 mtafiti Robert Vecchio alilipima kwa walimu zaidi ya 300 wa shule za sekondari nchini Marekani na wakuu wao wa shule. Matokeo yake yalikuwa ya kiasi: nadharia ilisimama vizuri zaidi kwa walio wapya kazini, ambao kweli walihitaji na kuthamini maelekezo ya karibu, lakini kwa walio wazoefu zaidi ushahidi ulififia. Mimi siyaoni matokeo hayo kuwa sababu ya kuitupa nadharia. Nayaona kuwa yanatuambia tuanzie wapi. Ikiwa msimamizi ana nafasi ya kubadili jambo moja tu, abadili namna anavyompokea mgeni, kwa maana hapo ndipo tuna uhakika zaidi, na hapo ndipo sehemu zetu nyingi za kazi zinapofanya vibaya zaidi. Mgeni huonyeshwa choo, huonyeshwa mahali pa kusaini, kisha huambiwa, "Utazoea."

Sheria yenyewe haikubaliani na huko kuzoea. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 zinaeleza kwamba kipindi cha majaribio kiwe cha muda unaofaa, kisichozidi miezi 12, na kwamba katika kipindi hicho mwajiri amfuatilie mwajiriwa, akutane naye mara kwa mara kuzungumzia kazi yake na kumpa mwongozo panapohitajika. Waajiri wengi hukisoma kipindi cha majaribio kama muda wa kumtazama mtu na kumwondoa akishindwa. Wanasahau nusu ya pili, kwamba na wao wanatakiwa kuwa wamefanya kazi.

Upande wa pili, wa kumkalia mtu shingoni wakati hahitaji, nao una ushahidi wa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1930, huko Iowa, Kurt Lewin pamoja na Ronald Lippitt na Ralph White waliunda vikundi vya wavulana wa miaka 10 na kuwapa viongozi wa namna tofauti: wa kuamrisha kila kitu, wa kushauriana, na wa kuacha kila mtu afanye atakalo. Chini ya kiongozi wa kuamrisha kazi ilikwenda, lakini alipotoka chumbani ilidorora. Chini ya kiongozi wa kushauriana ilipungua kidogo tu. Waliokuwa wameachwa bila mwongozo wowote hawakufanya mengi. Yeyote aliyewahi kusimamia watu anajua sauti ya eneo la kazi linalotegemea macho ya bosi: mazungumzo huzimika ghafla unapotokea, na huwaka tena ukishapita.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya kigeni havilitilii uzito na ambalo kwetu ndilo linaloua mpango mzima. Siku moja karani wa mizani alinisubiri hadi wenzake walipoondoka, akauliza kwa nini hesabu zake nazikagua kila jioni wakati mzee wa matangi simkagui hata mara moja kwa wiki. Hakuuliza kwa hasira, lakini swali la pili lilikuwa limesimama nyuma ya la kwanza. Katika kituo kile walifanya kazi Wanyiha, Wanyakyusa, Wandali, Wasafwa na Wabena wachache, na kila mmoja alijua mwenzake anatoka wapi. Mahali pa namna hiyo, msimamizi anayemwachia mmoja na kumbana mwingine haonwi kuwa mtaalamu wa kupima ngazi za watu. Anaonwa kuwa ana mtu wake. Neno undugunaizesheni halikutungwa bure.

Wengi wakishaguswa na shutuma hiyo hukimbilia usawa wa karatasi: amri moja, ukaguzi mmoja, ukali mmoja, na asiwepo wa kulalamika. Hiyo ni njia ya kumlinda msimamizi, wala si ya kuilinda kazi. Njia iliyonisaidia mimi ilikuwa kutenganisha vitu viwili ambavyo nilikuwa nimevichanganya. Kuna masharti ambayo hayalegezwi kwa mtu yeyote, awe mgeni au mkongwe: saa ya kufika, malipo, adhabu, na ukaguzi wa kila sehemu inayogusa fedha ya mkulima. Mizani imo humo. Karani angekaa pale miaka 20 bila kosa hata moja, hesabu zake zingeendelea kukaguliwa kila jioni, kwa sababu mkulima aliyebeba matunda yake kwa baiskeli toka asubuhi ana haki ya kujua kwamba kilo zake zimetazamwa na macho ya watu wawili. Huo ni udhibiti, na haupimi ujuzi wa mtu. Kisha kuna usimamizi, yaani ni mara ngapi nitakuja, nitaeleza kwa kirefu kiasi gani, nani ataamua kwanza, na huo ndio unaobadilika.

Nililieleza jambo hilo kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wote, na nikataja pia lini ukaguzi wa kila mmoja utapungua na ni nini kitakachoupunguza. Kwa kijana wa chuo nilisema: ataosha matangi matano mfululizo huku mzee akithibitisha kwa kiganja chake, na akipatia yote, la sita ataamua mwenyewe. Ikawa hivyo. Katika tangi la nne alikosea, akaanza upya kuhesabu, na hakuna aliyesema kwamba anaonewa wala anabebwa, kwani kila mtu aliijua hesabu.

Utumishi wa umma ulikuwa na nafasi ya kufanya jambo kama hili kwa mapana. MWAMTUKA, ule Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi ulioanza mwaka 2004, ulimtaka mtumishi na msimamizi wake wakae pamoja, wakubaliane malengo, wayapitie katikati ya mwaka na kuyatathmini mwishoni. Neno wazi lilikuwa ndani ya jina lake. Katika ofisi nyingi fomu zilijazwa kwa mkupuo mwishoni mwa mwaka, malengo yakinakiliwa kutoka kwa jirani. Sasa upo mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji, PEPMIS. Mashine inaweza kuzuia kunakili. Haiwezi kumlazimisha mkuu wa idara kumtazama mtu wake usoni na kumwambia ni kazi ipi bado anahitaji kushikwa mkono na ipi ameachiwa.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipuuza. Fred Fiedler, katika kazi yake ya mwaka 1967, aliona kwamba mtindo wa kiongozi umetokana na tabia yake na haubadiliki kwa urahisi, na kwamba ni afadhali kumpeleka mtu mahali panapomfaa, au kupabadili mahali penyewe, kuliko kumtaka awe mkali asubuhi na mpole mchana. Nimewafahamu wasimamizi waliomthibitisha Fiedler kila siku ya maisha yao. Mfanyakazi hodari aliyepandishwa cheo kwa sababu ya mikono yake mara nyingi huwaona wote kuwa wanafunzi wake, na hawezi kusimama pembeni hata dakika tano bila kumnyang'anya mtu koleo. Kwa mtu wa namna hiyo sipendekezi semina. Napendekeza apewe wageni awafundishe, kwa maana hapo anang'aa, na wazoefu wawe chini ya mwingine. Idadi nayo ina la kusema: nyapara mwenye wachumaji 40 hawezi kupima ngazi ya kila mmoja katika kila kazi, na anayemdai hivyo hajawahi kuwa nyapara. Atakachoweza ni kuwajua wageni kwa majina na kuwagawa kwa wachumaji wakongwe wanaopenda kufundisha, ambao si lazima wawe ndio wepesi kuliko wote.

Mahali ninapotofautiana na akina Hersey wenyewe ni kwenye ngazi ile ya nne, ya kukabidhi, ambako wanasema msimamizi apunguze maelekezo na pia apunguze ukaribu. Nilifuata hivyo kwa mama aliyekuwa akiongoza vichanja. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kahawa inageuzwa, inafunikwa jua la mchana linapokuwa kali na inafunikwa tena kabla ya umande wa jioni, kwa wiki mbili hivi mpaka ikauke, huku akina mama wengine wakichambua punje mbovu. Aliiweza kazi hiyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Kwa hiyo sikwenda. Nilipita njia ya juu kuelekea kwenye matangi, ambako kulikuwa na kijana wa kufundisha, nikajipongeza kwamba nimekabidhi.

Katikati ya Agosti aliondoka, akaenda kwa mnunuzi mwingine ambaye, kama nilivyokuja kujua, hakumwongezea hata shilingi. Nilikutana naye sokoni Mlowo miezi kadhaa baadaye. Tulisalimiana vizuri, nikamwuliza kilichomwondoa, naye akajibu bila kinyongo kwamba msimu mzima alikuwa hajui kama kazi yake naiona. "Mtoto wa chuo ulikuwa unaenda kwake mara tatu kwa siku," alisema. "Mimi nikajua basi, huku hakuhesabiki."

Msimu uliofuata niliweka utaratibu wa kufika vichanjani kila siku saa tano, bila daftari na bila kukagua, nikasalimia, nikamwuliza kiongozi mpya wa pale kama kuna kinachomkwamisha. Siku ya kwanza alisita. Siku ya tatu akanionyesha turubai mbili zilizotoboka, na matundu yake yalikuwa na viraka vya zamani vilivyoshonwa kwa mkono, kwa uzi wa gunia, na yule mama aliyeondoka.